Nesi na Kopo la Ndoano za Baba

Nilimwonea wivu Nesi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nalisema mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na nani. Wengine hapa Majimoto wakimweleza watasema amezalisha nusu ya vijana wanaoendesha bodaboda leo, na ni kweli. Watasema mkono wake ulikuwa mwepesi kwa sindano, na hilo nalo ni kweli, nimechomwa naye. Mimi nitamweleza nilivyomtazama, yaani kwa jicho la pembeni, kutoka mlangoni mwa gereji yangu, akipita na ufito wake wa kuvulia begani kwenda mtoni na baba yangu.

Wanawake wa kwetu huvua, hilo si geni. Mpunga ukishavunwa na maji yakabaki madimbwini, utawakuta wameinama na vikapu kundi zima, wanapiga kelele na kusukumana. Lakini mwanamke kukaa kimya juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, ndoano majini, muda unaotosha kuanza misa na kuimaliza, hilo tuliliona kwa Nesi kwanza. Alivaa kofia pana ya ukili aliyopewa na mfugaji mmoja wa Kisukuma baada ya mkewe kujifungua mapacha. Chini, gambuti za kijani. Gauni lake jeupe la kazi alilikunja ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa akitoka mtoni alikwenda zahanati moja kwa moja. Wagonjwa waliozoea walikuwa wakiitazama kona ya barabara, na wakiona ufito wanajua dawa imefika.

Kitu kikubwa kwa Nesi kilikuwa kuuliza. Sijaona mtu wa kuuliza kama yule. Mara moja niliungua kiganja kwenye ekzosi ya pikipiki, nikaenda kwake nikidhani atanifunga bandeji nirudi kazini.

"Umeungua saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi ya saa ngapi? Ulipaka nini?"

"Oili."

"Oili mpya au chafu?"

Nikaangalia kiganja. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka.

"Nakuuliza, fundi. Mpya au chafu? Na nani kakwambia oili inaponya? Umekula nini leo? Unalalia mkono upi?"

Nilijibu maswali mawili, mengine nikayaacha yapite. Mimi si mtu wa kuuliza wala wa kuulizwa. Nyumbani kwetu nilikua nikijua kwamba mtoto mwenye akili huangalia na kuelewa, na anayeuliza sana anasumbua wakubwa. Nesi yeye alikuwa anauliza mpaka samaki.

Sisemi kwa mzaha. Samaki wa kwanza wa siku hakumtia kwenye kapu. Alimlaza juu ya jani la mgomba, akamtazama usoni, akamwambia, "Haya mzee, umekula nini leo?" Kisha akampasua tumbo kwa kijembe chake na kuvichokoa vilivyomo kwa kijiti, kimoja kimoja. Akikuta kumbikumbi, basi siku hiyo atavua kwa kumbikumbi. Akikuta konokono wadogo, anavua jirani na matete ambako konokono wapo. Akikuta punje za mpunga, anakanda ugali na pumba mpaka ushikane kwenye ndoano, anatengeneza vidonge vidogo sawasawa, na kwa kutengeneza vidonge hakuna aliyemzidi. Wenzetu wengi walitupa mnyoo kila siku, mvua au jua, halafu wakalaumu maji. Nesi alisema samaki ni mgonjwa asiyejua kueleza, usimpe dawa kwa kubahatisha.

Chambo chake alikiweka kwenye vikopo vyeupe vya vidonge, kila kimoja na karatasi yake iliyoandikwa kwa mwandiko wa zahanati. "Panzi. Maji meupe. Aachwe miguu." Hapo maana yake panzi atundikwe akiwa hai ili apige mateke juu ya maji na samaki waitwao gege wamwone. "Minyoo. Maji ya udongo." "Utumbo wa kuku. Kambale. Siku mbili juani." Kwenye hicho cha utumbo aliongeza chini, kwa kalamu nyekundu, "Usinuse." Baba alipenda sana hicho kikopo. Kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa habari ya kalamu nyekundu, na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo nakula.

Sasa nimemtaja baba, na siwezi kumweleza Nesi bila kueleza kilichonipata mimi kwa baba.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga kama Wapimbwe wengine, lakini jina lake lilivuma kwa ndoano. Nyavu hakuzipenda. Alisema wavu hauchagui. Alikuwa na kopo la bati, lililokuwa la majani ya chai zamani hizo, na ndani mna ndoano za ukubwa wote zimechomekwa kwenye kitambaa cha kanzu yake ya ubatizo, kubwa juu, ndogo chini. Nilipokuwa mdogo niliruhusiwa kulibeba hilo kopo, kulifungua hapana. Nilikuwa nangoja siku yangu.

Nilipofika miaka kumi na minane nikaanza kujifunza ufundi wa pikipiki. Jumapili moja baada ya misa baba akaniambia, "Leo twende." Mwenyewe, bila kuombwa. Nilipitia gereji kwanza kumalizia kabureta ya mtu, halafu nikamfuata mtoni kwa baiskeli. Nikamkuta amekaa, kopo la ndoano limefunguliwa, na kopo la minyoo liko pembeni. Nikapeleka mkono nichukue mnyoo. Akanipiga kofi dogo mgongoni mwa kiganja, kofi la kumzuia mtoto asishike sufuria ya moto.

"Usiguse chambo."

Hayo tu. Nilisimama pale nikasikia damu inapanda mpaka masikioni. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Nilikuwa nimeacha jembe la mpunga nikaenda kwenye mashine, na yeye alikuwa ananiambia kwamba mambo ya mtoni hayanihusu tena. Nikapanda baiskeli nikaondoka. Baba hakuniita. Sikurudi kuvua naye, siku ile wala nyingine, na yeye hakusema tena "twende." Tuliendelea kula meza moja, tukaongea habari za mvua na za bei ya mpunga, na hilo halikuguswa.

Miaka mitano baadaye Nesi akahamishiwa kwetu. Hata mwezi haukuisha, nikamwona amekaa mtoni bega kwa bega na baba, kopo la ndoano liko kwenye mapaja yake. Mapaja ya Nesi! Mtu wa kuja, ambaye hata jina la mto alikuwa bado analitamka vibaya. Nilikuwa napita na pikipiki ya mteja kuijaribu. Niliijaribu mpaka Kasansa na kurudi, na nikarudi bado sijui imepona au haijapona.

Nilimchunguza kama mtu anayetafuta kosa, ndiyo maana namjua vizuri. Alikuwa na mambo yanayopingana. Samaki alivua wengi na hakula hata mmoja, alisema wanamsumbua tumbo. Wote aliwapeleka kwa wazazi waliojifungua wiki hiyo, mmoja mmoja, amewafunga kwenye majani. Ungedhani ni mkarimu wa kila kitu, lakini mahali pake pa kukaa mtoni hakumwonyesha mtu. Zahanati alikuwa mkali mpaka watoto waliacha kulia kwa kumwogopa, na akiwa mtoni alivumisha sauti ya pili ya kwaya peke yake, bila sauti ya kwanza, ukimsikia utadhani amekosea wimbo.

Na hili la ajabu kuliko yote. Kwenye ukuta wa zahanati alibandika tangazo kwa herufi kubwa: nawa mikono kwa sabuni. Alisimama penye mlango akakagua viganja vya watu wazima kama mwalimu wa zamu. Lakini huyohuyo, kabla hajafungua kikopo hata kimoja cha chambo, alishuka kwenye mfereji wa mpunga, akachimbua tope jeusi la chini, akajisugua nalo vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko. Akakaa hivyo dakika kadhaa mikono imening'inia, tope linakauka. Halafu ndipo anajisuuza na kuanza. Baba naye alifanya hivyo, lakini baba nilimzoea, nilidhani ni udongo tu wa shambani. Kwa Nesi niliona ni kama ibada aliyorithishwa, na mrithi halali nilikuwa mimi.

Vilevile alipokuja gerejini kuniomba plagi za pikipiki zilizokufa. Alizifunga kwenye mshipi ziwe uzito wa kushusha ndoano. Nilimpa, ningekataaje? Akachuchumaa hapo hapo mbele ya wateja wangu akazisugua kwa majivu, mara mbili, akazinusa, akazisugua tena. Nikajisemea, hata chuma kilichopita mikononi mwangu ni uchafu kwake. Kumbe nilikuwa nimeonyeshwa jibu mchana kweupe, nikalitazama, nikaona tusi.

Siku moja mfugaji mmoja aliyeleta pikipiki kubadilisha cheni aliniuliza, "Fundi, hivi lile tope la Nesi ni dawa eh? Maana jana katoa kambale watatu pale ng'ombe wangu wanapokunywa, na sisi hatujawahi kuona hata mkia."

Ningeweza kusema hapana. Neno moja lingetosha.

"Mi sijui," nikasema, huku nimeinamia cheni. "Ila samaki wa kawaida hawaji namna ile."

Nalikumbuka jibu hilo vizuri kwa sababu nililipanga. Halikuwa uongo ambao mtu angenikamata nao. Baada ya wiki moja soko zima lilikuwa linasema Nesi ana dawa ya samaki, na wanawake wawili wajawazito wakaacha kwenda kliniki kwa kuogopa mikono yake. Huku kwetu maneno kama hayo si ya kuchezea. Baba alikuja gerejini, jambo alilofanya kwa nadra, akasimama mlangoni.

"Haya maneno yametokea wapi?"

"Maneno gani?"

Nikachukua spana nisiyoihitaji. Akaondoka.

Kesho yake alikuja Nesi mwenyewe, saa ile gereji inapojaa watu. "Nasikia mi mchawi wa samaki," akasema kwa sauti yake ya kuita wagonjwa. "Haya, fundi, nipe plagi mbili nyingine, nikaroge." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoyamaliza maneno. Jumamosi ile aliwaita wale wanawake wawili mtoni, akawakalisha, akawapasulia samaki wa kwanza mbele yao wakaona kilichomo tumboni na kilichowekwa kwenye ndoano. Kliniki wakarudi. Mimi hakuniambia neno, wala hakunitazama vibaya. Ningepata nafuu kama angenitukana.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni Karema.

Nesi aliitwa kwenye semina kule, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na baba akasema ataongozana naye akamwone binamu yake. Baba yangu, ambaye nilimbembeleza miaka miwili twende Mpanda mjini akaone duka la vipuri ninakonunulia, akasema mgongo unauma. Kwa Nesi mgongo ukapona. Kabla ya safari Nesi alipita gerejini akachagua kwenye boksi langu la vyuma chakavu kipande cha nikeli kilichobanduka kwenye taa ya pikipiki, kirefu kama kidole, kinang'aa.

"Cha nini?" nikataka kuuliza. Sikuuliza.

Waliporudi, baba alisimulia mwezi mzima. Ziwa lile lina mawimbi, alisema, yanapiga mchanga na kurudi, mshipi mwepesi unarudishwa miguuni pako. Kwa hiyo walifunga plagi mbili pamoja ili uzito ukae chini na wimbi lisiuhamishe. Huko ndoano yenye mnyoo ilidonolewa na visamaki visivyo na maana. Nesi akakipasua kimojawapo kikubwa kidogo, akakuta tumboni vidagaa vitupu. Ndipo akatoa kile kipande cha nikeli, akakitoboa, akakifunga ndoano, akakirusha nyuma ya wimbi na kukivuta kwa kukikatakata, vuta, acha, vuta, kikawa kinayumba majini kama dagaa aliyejeruhiwa. Wakapata kuhe, samaki mkubwa wa ziwa lile. Baba alionyesha ukubwa wake kwa mikono, na kila Jumapili mikono ilizidi kupanuka.

"Kile chuma kilikuwa changu," nikasema siku moja mezani.

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Baba akaacha kula.

"Ni chako, ndiyo," akasema taratibu. "Nani kakataa?"

Akabaki ananitazama, kijiko mkononi, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie maneno. Mimi nikarudia kula. Nimeirudia meza ile kichwani mara nyingi.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mwishoni alikuwa hawezi kutoka kitandani, na Nesi, ambaye alikuwa keshastaafu, alikuja kila asubuhi kumgeuza na kumsafisha. Namshukuru kwa hilo, na nilimchukia kwa hilo pia, kwa sababu alimgeuza vizuri kuliko mimi. Siku mbili kabla ya kufariki, baba alifumbua macho akasema, "Nesi, lile kopo chukua." Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimevaa shati safi, nimetoka kuoga. Nesi akanitazama. Nikaangalia ukuta. Akachukua kopo.

Baada ya matanga nilimtuma mke wangu akaliombe. Nilimfundisha maneno ya kusema: ni kumbukumbu ya ukoo, lina kitambaa cha ubatizo, na kadhalika. Akarudi mikono mitupu.

"Kasema uende mwenyewe."

"Basi alale nalo."

"We baba," mke wangu akasema, "watu wazima nyie mnagombea kopo la chai."

Hatukuongea mimi na Nesi kwa miaka minne, ukiacha shikamoo yangu na marahaba yake njiani. Niliona nywele zake zimekuwa nyeupe, niliona ameacha kuja mtoni kwa miguu, analetwa na bodaboda. Nilisikia mikono imeanza kutetemeka. Sikwenda kumwona.

Mwaka huu, mwezi wa tano, maji yameanza kutulia baada ya mvua, nilipigiwa simu kwamba kuna bodaboda imekatika cheni karibu na daraja. Nikaenda, nikaitengeneza, na mwenye pikipiki akaondoka mbio na abiria wake. Nilibaki nafuta mikono kwenye nyasi, myeusi mpaka kwenye vifundo. Ndipo nikasikia.

"Fundi! We fundi! Njoo unitilie huyu mnyoo, mikono yangu imegoma."

Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake ileile, nyuma kabisa ya ukingo, mbali na maji kama baba alivyokaa kwa kuogopa mamba. Kofia ileile ya ukili, imetoboka. Kopo la bati lilikuwa mapajani. Mkono mmoja umeshika ndoano na mwingine mnyoo, na vyote viwili vinacheza, havikutani.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Njoo basi."

Nikamwonyesha viganja. "Mikono yangu ina oili."

"Naona."

"Siwezi kugusa chambo."

"Nani kakwambia?"

Sijui kwa nini nilijibu. Labda kwa kuwa mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mbele ya mikono kama ile mtu anaona haya kujikausha.

"Baba. Zamani."

Nesi akashusha ndoano. "Na mimi aliniambia hivyohivyo," akasema. "Siku ya kwanza kabisa. Nimetoka zahanati, nanuka spiriti. Nikapeleka mkono kwenye kopo la minyoo, akanichapa hapa. 'Usiguse chambo.' Mi nikamuuliza, kwa nini, Mzee?"

"Akasemaje?"

"Akasema samaki ananusa kabla hajala. Kanawe kwanza kwa tope la mferejini, lile jeusi la chini, jisugue mpaka viwiko, uje tuanze. Halafu akasema, mwanangu naye nilimwambia asiguse, maana alikuwa ananuka petroli tupu. Nikageuka nichote tope nimwonyeshe. Nageuka tena na tope mkononi, yupo kwenye baiskeli, kashafika barabarani."

Ng'ambo ya maji viboko walikuwa wanakoroma. Niliwasikiliza, nikiwa sina kingine cha kufanya na uso wangu.

"Alikwambia lini hayo?"

"Si nimekwambia? Siku ileile ya kwanza."

"Miaka ishirini na tatu."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

Nesi alivua kofia, akalitazama lile tundu lake, akaivaa tena.

"Mwanzoni nilidhani unajua, umekasirika tu. Baadaye nikaona hujui. Ningekwambia, ungekuja. Ukija, mi narudi kuwa nesi wa watu. Pale mtoni nilikuwa mtu wa Mzee. Wewe ulikuwa mwanawe bila kufanya lolote, asubuhi unaamka tu ni mwanawe. Mi ilinibidi nivue."

"Na baba? Hakuweza kuniita?"

"Nilimwambia akuite. Akasema, atauliza. Huyu mtoto ana akili, siku moja atauliza."

Nilikasirika. Niliwakasirikia wote wawili, aliyekufa na aliye hai, na nilipomaliza kuwakasirikia nikabaki mimi na baiskeli yangu ya miaka kumi na minane, nakanyaga pedali kwa nguvu, sigeuki nyuma. Kama ningegeuka ningemwona amesimama na tope mkononi.

"Nipe kopo, Nesi," nikasema.

"Kopo silitoi. Alinipa mimi."

Alisema bila ukali, na alilifunika kwa kiganja kama anayelinda chakula. Nikaona kwamba hatalitoa kweli, wala kesho, na kwamba kama ningekuwa yeye nisingelitoa pia.

"Haya, kanawe," akasema. "Jua linapanda."

Nikashuka kwenye mfereji. Tope la juu ni jepesi na lina majani, nikachimba mpaka nikalipata lile jeusi, la baridi, linalonata. Nikajisugua vidole, viganja, mpaka viwiko. Oili iling'ang'ania kwenye kucha, nikasugua tena. Nikangoja likauke. Nikajisuuza, nikanusa. Mikono ilinuka shamba, ilinuka kama mikono ya baba ilivyonuka alipokuwa akinifunga vifungo vya shati la shule.

Niliporudi Nesi alichungulia kopo, akachomoa ndoano moja, ya ukubwa wa kati. Akanionyesha mnyoo uchomwe wapi na mkia uachwe wapi ili ucheze. Nikatupa. Kielea kikalala, kikajinyanyua, kikasimama. Tukakaa, yeye juu ya ndoo, mimi chini kwenye nyasi, na baada ya muda akaanza kuvumisha ile sauti yake ya pili.

Wivu haukuwa umekwisha. Nilikaa pale nimeushika. Ulikuwa umeacha safari ya Karema, ukaacha hata kopo, umebaki kwenye kitu kimoja tu. Baba alikuwa na sentensi mbili za kuniambia. Ya kwanza niliisikia nikaondoka nayo. Ya pili, ile yenye tope, ilikuwa yangu, na aliyeisikia akakaa nayo miaka yote ni huyu mama aliye pembeni yangu.

Kielea kikatikisika. Kikazama nusu. Nikakaza mkono nivute.

"Ngoja," akasema Nesi.

Nikamgeukia. "Kwa nini?"